Mnakutania kwa Nani? Safari ya Kigoma hadi Kigombe

Jumamosi. Kibirizi, Gombe, Kigoma

Shule imefungwa jana. Likizo ya Desemba huwa naenda kwetu Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, na kila mwaka najiambia nitapita Gombe kwanza, kwenye hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Huu ni mwaka wa sita nafundisha Kigoma na nilikuwa sijapita. Leo tumechanga watu saba tukakodi boti pale Kibirizi, tukaondoka kabla jua halijachomoza.

Nina sababu. Nafundisha baiolojia, na mada ya mageuko ikifika hakosekani mwanafunzi wa dawati la nyuma wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, kama tumetokana na nyani, mbona nyani bado wapo?" Darasa linacheka, mwenyewe anakaa kishujaa. Mwaka huu nilimjibu ovyo, nikajijua kabisa kuwa nimejibu ovyo. Nikasema heri nikawaone wenyewe wanaotajwa.

Waliotupokea ufukweni walikuwa nyani kwelikweli, wamekaa mchangani kama wachuuzi wanaosubiri mitumbwi ya dagaa. Mmoja alimpokonya mwenzetu ndizi, akaimenya bila haraka mbele ya macho yake. Muongozaji akacheka: "Hawa sio mliowafuata. Mliowafuata wako juu."

Kosa la kwanza liko papo hapo, tena ni la lugha. Kiswahili kina nyani, tumbili, kima, ngedere, mbega na sokwe, kila mmoja na jina lake. Aliyeanza kusema "mtu ametokana na nyani" alishika jina lililokuwa karibu. Nyani ana mkia. Sokwe hana, na wewe huna.

Tulipanda kama saa moja na nusu, jasho likitiririka ndani ya barakoa. Barakoa ni lazima ukiwakaribia, na si kwa ajili yetu. Mafua yetu ni mafua yao. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa hapa, wengine wakapooza mikono, wengine wakafa. Ng'ombe wa jirani yako hapati polio hata ukilala naye zizini. Ugonjwa unajua ukoo kuliko sisi.

Kwenye kichuguu tulimkuta mama na mtoto. Mama alichuma ujiti, akaupukuchua majani kwa midomo, akauingiza kwenye tundu la mchwa, akangoja, akauvuta taratibu na kula mchwa waliong'ang'ania. Mtafiti Jane Goodall aliliona jambo hili hapahapa mwaka 1960, na tangu hapo ikawa taabu kusema kwamba mwenye kutengeneza vyombo ni mtu peke yake. Lakini mimi sikuutazama ujiti. Nilimtazama mtoto: alikuwa anaokota vijiti vifupi mno, anavitia tundu lisilo na kitu, anarudi kuutazama mkono wa mama yake. Nina wanafunzi wa namna hiyo.

Kwetu akija mtu anayedai ni ndugu, bibi haulizi anaitwa nani. Anauliza: "Mnakutania kwa nani?" Ukishamtaja babu au bibi mnayekutania, basi umemaliza, undugu wa karibu au wa mbali utaonekana wenyewe. Sikuwahi kulitumia swali hilo darasani, na sijui kwa nini. Mimi na sokwe tunakutania kwa mhenga aliyeishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita, hapa hapa Afrika, ambaye hakuwa sokwe wala hakuwa mtu. Hakuna aliyemzaa mwenzake, ni mabinamu. Nyani tunakutana naye juu zaidi: vipande vya taya vilivyochimbwa bonde la Rukwa na kutangazwa mwaka 2013, vyenye miaka milioni 25, vinaonyesha mlango wa nyani na mlango wa sokwe tayari umeshaachana wakati ule. Kwa hiyo kumuuliza nyani mbona hajawa mtu ni kama kumuuliza binamu yako wa Muheza mbona hajawa wewe.

Jibu hilo limechelewa mwezi mmoja. Nitamtafuta yule kijana shule ikifunguliwa.

Jumapili. Kigoma

Mama amepiga simu asubuhi: "Ukipita Dar mchukulie bibi yako insulini. Ya hapa imekwisha." Kwa hiyo nimenunua kikasha cha kubebea barafu, pamoja na dagaa debe zima, maana kwenda Tanga kutoka Kigoma bila dagaa ni matusi.

Dagaa nao ni somo. Dagaa wa Kigoma ni jamaa wa samaki wadogo wa baharini. Mababu zake walipanda kutoka maji chumvi wakabaki huku bara. Dagaa wa Mwanza ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa samaki waitwao kapu (carp). Wote wembamba, wote wanang'aa, wote wanaanikwa juani, sisi tukawapa jina moja. Kufanana kwa umbo kunatokana na kazi. Ukoo unatafutwa ndani.

Na kinyume chake kipo ziwani humu humu. Kuna kuhe anayejaza sinia, na kuna visamaki vinavyoishi maisha yao yote ndani ya maganda matupu ya konokono. Ukiwaweka pamoja hutasema ni ndugu, lakini ni mlango mmoja, ule wa perege na sato: aina zaidi ya mia mbili, karibu zote hazipatikani popote duniani ila Ziwa Tanganyika. Mababu waliotoka mitoni ni wachache. Ziwa lina miaka kati ya milioni 9 na 12 na kina cha mita 1,470, nafasi na muda wa kutosha kwa wajukuu kuchukua kila kazi: wa kukwangua mawe, wa kula mayai, na hata yule anayevizia magamba ya wenzake.

Jioni, stesheni, nikisubiri, nilianza hesabu nyuma ya tiketi. Reli ya Kati kutoka hapa hadi Dar ni kama kilomita 1,250. Uhai duniani tuuhesabie miaka bilioni 4. Basi kila kilomita ni miaka milioni 3.2, na treni hii itakuwa inarudi nyuma, kutoka leo kwenda mwanzo. Watu wa namna yetu, miaka 300,000, ni mita 94. Hatutoshi hata kulimaliza jukwaa hili na mizigo yake. Mimi na sokwe tunakutana kilomita ya pili, bado mji haujaisha. Nyani, kilomita ya nane. Dinosaria wanakufa kilomita ya ishirini. Kuku tunakutana naye karibu na Uvinza, kwenye chumvi.

Jirani yangu akachungulia karatasi akadhani napanga nauli.

Jumatatu. Urambo, Tabora, Dodoma

Usiku sikulala sana. Tulipita Uvinza gizani, na mahali fulani kuelekea Malagarasi, kwa hesabu yangu, wazazi wangu walikuwa samaki. Nikafunika kichwa.

Alfajiri tukawa Urambo. Mvua imenyesha, miombo imechanua majani mapya, na kina mama wako dirishani na mabeseni ya uyoga wa vichuguuni, mpana kama sahani. Akapanda mzee mmoja mrina asali na madumu mawili na uyoga mkononi, akaketi mbele yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza natoka wapi na nafundisha nini. Nikajuta kujibu ukweli, kwa sababu saa ile ile akasema, "Ndiyo nyinyi mnaowaambia watoto wetu kwamba tulikuwa manyani."

Nikamwambia la Gombe na la binamu. Akasikiliza. Akasema, "Mimi ukoo wangu naujua mpaka babu wa saba. Wa nane anamjua Mungu." Nikamwambia sina nia ya kumnyang'anya mtu Mungu wake, mimi nahesabu tu, na kila nikihesabu naona mistari inakutana. Akataka mfano. Nikaushika uyoga wake.

"Huu, mzee, ni ndugu yako zaidi kuliko ulivyo ndugu wa mchicha."

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini ni kweli. Tunauweka uyoga pamoja na mboga kwa sababu umesimama na hautembei. Mchicha hujipikia kwa jua. Uyoga hauwezi, lazima ule kilichotengenezwa na mwingine, kama mimi na yeye. Ukuta wa chembe zake (seli) umejengwa kwa kaitini, kitu kilekile cha gamba la mende. Na ukisoma jeni zake, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya chembe, mlango wake unakutana na wa wanyama kama miaka bilioni moja hivi iliyopita, wakati mimea ilishakwenda zake. Kilomita mia tatu na kidogo kutoka Kigoma. Yaani hapa hapa Urambo. Hilo sikulipanga, limejipanga lenyewe.

Uyoga huo wa vichuguuni nao hauoti wenyewe. Mchwa wanaulima chini ya ardhi, wanaulisha majani makavu, wanakula shamba lao. Shamba moja la namna hiyo limekutwa limegeuka jiwe kule Rukwa tena, na umri wake miaka milioni 25. Mzee akasema, "Hilo la mchwa kulima nalijua tangu mtoto. La undugu nitamwambia mke wangu, maana huupika kama nyama."

Tabora tulisimama muda mrefu kuunganisha mabehewa ya Mwanza na Mpanda. Maembe yako kila mahali, debe kwa bei ya kutupa. Nilikula manne. Mbuzi alikuwa anatafuna maboksi kando ya reli na hana wasiwasi, kwa sababu mbuzi anajitengenezea vitamini C mwilini. Sisi tunakosa maembe na machungwa tunaugua kiseyeye. Jeni ya kuitengeneza tunayo, ila imeharibika. Sokwe anayo na imeharibika, nyani vilevile, na imeharibika kwa namna ileile. Simbilisi naye imemharibikia, lakini kwa namna yake mwenyewe. Mimi ni msahihishaji wa mitihani. Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi sisemi kitu. Wakikosea neno lilelile, mstari uleule, naita wote wawili ofisini.

Mchana uliingia joto. Dada mmoja aliyepandia Tabora alikuwa anapeleka kanga za harusi Morogoro, akazifungua kuhesabu, nami nikapata kitu nilichokitafuta miaka sita.

Kanga inauzwa doti, mbili zimeungana, hujazikata. Kila moja ina pindo lake pande zote na mji wake katikati. Kwa hiyo ukiikunjua doti nzima utaona jambo la ajabu ukiwa hujazoea: katikati ya kitambaa, mahali ambapo hapana ncha, yako mapindo mawili yamegusana mgongo kwa mgongo. Na miji iko miwili. Hata mtu asiyejua biashara ya kanga atakwambia hizi zilikuwa mbili.

Sasa, sokwe ana jozi 24 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya chembe, na gorila vilevile. Mtu ana 23. Tukiwa ndugu, jozi moja imekwenda wapi? Haiwezi kupotea hivihivi, mtoto asingeishi. Basi lazima mbili ziliungana. Kila kromosomu ina pindo kwenye ncha zake, herufi zilezile za maandishi ya urithi zinazorudiwa mara nyingi, TTAGGG, TTAGGG, na huwa ziko nchani tu. Ina na mji wake pia, mahali inaposhikwa chembe ikigawanyika. Mwaka 1991 wataalamu walionyesha kwamba kromosomu ya pili ya binadamu ina pindo katikati, mbili zimeelekeana, kama doti ambayo haijakatwa. Mji mmoja bado unafanya kazi. Wa pili umefifia, lakini alama zake zipo palepale ambapo ungeutafuta.

Nilimwomba yule dada nishike kanga mbili nimwonyeshe mzee. Akaniruhusu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mwalimu, lakini ukiichafua unainunua." Nimeinunua bila kuichafua. Itaingia darasani Januari.

Dodoma tumefika usiku. Wenye haraka wameshuka wakapande treni ya umeme. Mimi nimebaki, hesabu yangu ni ya reli hii. Kwa hesabu hiyo hapa ni karibu miaka bilioni 2.5, na hewa ya dunia ndiyo inakaribia kupata oksijeni, kazi ya vibakteria vya kijani vilivyojifunza kutumia mwanga wa jua. Oksijeni tunayoivuta hapa jukwaani, iliyochanganyika na moshi wa mishikaki, ilianza kwao. Tangu Tabora hakuna mnyama wala mti njiani. Kuna viumbe vya chembe moja moja, kituo hadi kituo, usiku kucha.

Jumanne. Kilosa hadi Dar

Kilosa mvua. Morogoro milima imejifunika mawingu, dada wa kanga ameshuka. Ngerengere nikafungua dirisha kwa heshima: miaka bilioni 3.5, umri wa mawe ya Pilbara kule Australia, yaliyojengwa tabaka kwa tabaka na utando wa bakteria. Kabla ya hapo mawe yenyewe ni haba na yamepikwa na ardhi, ushahidi unabaki ndani ya miili yetu.

Mtu wa mwisho katika swali la bibi, yule ambaye mimi, uyoga, mchicha, mbu na bakteria wa tumboni sote tunakutania kwake, wanasayansi wanamwita kwa kifupi LUCA. Wanafunzi wangu wanamwita Mzee Luka. Nawaachia, ila nawakumbusha mambo mawili. Hakuwa kiumbe wa kwanza. Wala hakuwa peke yake: alikuwa na majirani wengi, nao walizaa, ila vizazi vyao vimekatika. Ndivyo ilivyo kwa babu yeyote wa ukoo. Mtaa ulijaa watu siku zile, tunamkumbuka huyu mmoja kwa sababu wajukuu waliobaki ni wake.

Makadirio yaliyotolewa mwaka 2024 yanamweka kwenye miaka bilioni 4.2. Nilipoipigia hesabu nikacheka peke yangu: ni kilomita 1,312. Reli inaishia Dar, 1,250. Mzee Luka yuko kilomita sitini na kitu mbele, majini, karibu na Unguja. Nikashuka na debe langu la dagaa, nikiwa sijafika.

Jumatano. Dar

Joto. Foleni. Duka la kwanza la dawa hawana, la pili wana lakini friji imezimwa, nikaondoka. La tatu nimepata chupa tatu za baridi. Barafu nimenunua kwa muuza samaki, naye akataka kujua nasafirisha kamba au nini.

Usiku kwa shangazi nilisoma karatasi ya ndani ya boksi, ile yenye maandishi ya chungu mchwa ambayo hakuna anayeisoma. Nimeisoma mara mbili. Sitaandika leo, namngoja bibi.

Alhamisi. Dar, Segera, Kigombe

Basi la asubuhi, Chalinze, Segera, Muheza. Abiria wa kiti cha pembeni alilala begani kwangu kutoka Msata.

Kutoka Tanga mjini kushuka kwetu mkonge unaanza, mistari minyoofu mpaka macho yanachoka. Huu nao una ukoo mfupi wa kusimulia: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja, na iliyofika hai ni 62. Mkonge haupandwi kwa mbegu, unapandwa kwa vitoto vyake, kwa hiyo mashamba haya ni kama mtu mmoja aliyejirudia mara milioni.

Bibi alikuwa barazani. "Mume wangu kaja," akasema kwa sauti ili jirani asikie, "kaja na dagaa, hakuja mikono mitupu kama waume wa wenzangu." Nikambusu mkono. Insulini nikaitia ndani ya chungu cha maji pale kivulini, ndani ya kikombe chake kisichoingia maji. Friji hatuna, chungu kimemtunzia dawa miaka yote.

Ijumaa. Kigombe

Baada ya swala nilikwenda ufukweni kwa mzee mmoja wa jarife. Jarife ni nyavu ya macho makubwa, inategwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Nilitaka anisimulie tena habari ya silikanti, samaki wa kilindini waliyewahi kumnasa, ingawa nimeisikia tangu nikiwa sekondari.

"Alikuwa wa buluu na madoa meupe," akasema. "Alipokufa akageuka rangi ya kahawia kama gogo. Macho yanawaka kama paka. Hakuna aliyemjua jina. Kuna waliomla, wakaendesha siku mbili, ana mafuta kama taa." Halafu akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaushika kiwiko. "Mapezi yake hayakuwa mapezi. Yalikuwa na nyama, na ndani mfupa. Kama hivi."

Hilo la mfupa hakulisoma popote, alilishika. Ulimwengu wa wasomi ulidhani samaki wa ukoo huu walikwisha pamoja na dinosaria, mpaka Desemba 1938 mtunza makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta mmoja kwenye shehena ya meli ya uvuvi Afrika Kusini. Wa pili alivuliwa Komoro mwaka 1952. Kwetu Tanzania wa kwanza kutambulika ni wa Songo Mnara, Kilwa, 2003. Kisha wakaanza kunaswa huku Tanga, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 pwani hii ikatangazwa hifadhi kwa jina lake. Anazaa watoto hai, anaweza kuishi kama miaka mia, na anakaa mapangoni mita mia moja na zaidi chini ya maji tunamoogelea.

Nilimuuliza mzee: ukiwaweka watatu, silikanti, dagaa na wewe, nani ndugu na nani? Akasema silikanti na dagaa, wote samaki. Nikamwambia hapana. Silikanti anakutana na wewe na mimi kwanza, kiasi cha miaka milioni 420 nyuma, na dagaa anakuja kukutana nasi sote baadaye, juu zaidi. Kamongo wa Ziwa Victoria, yule mwenye mapafu, ni wa karibu zaidi hata kuliko silikanti. Ule mfupa mmoja wa juu aliouona ndani ya pezi, sisi tunao juu ya kiwiko. Kuku anao kwenye bawa, popo anao, nyangumi anao.

Mzee akautazama mkono wake. "Basi tulimla jamaa," akasema. "Ndiyo maana tuliendesha."

Jioni bibi alikuwa jikoni na mkate wa kumimina. Mchele umeshalowekwa na kusagwa na tui, anachanganya hamira. Nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi nikamsomea ile karatasi, maana imesema insulini yake imetengenezwa kwa chachu, na jina la kisayansi lililoandikwa pale ni la hamira.

"Hamira gani?"

"Hiyo iliyo kwenye bakuli, bibi. Ni aina ileile."

Akaacha mwiko. Nikamweleza. Zamani, kabla ya mwaka 1982, insulini yote ilitolewa kwenye kongosho za wanyama. Ya ng'ombe inatofautiana na yetu vipande vitatu kati ya hamsini na kimoja vinavyoiunda. Ya nguruwe kipande kimoja tu. ("Astaghfirullah," akasema. Nikaharakisha kumwambia kwamba protini moja fupi haitoshi kupima ukoo. Ng'ombe na nguruwe ni ndugu wao kwa wao kuliko na sisi.) Kisha watu wakachukua maagizo ya insulini ya binadamu, wakamtia bakteria, na baadaye hamira. Bakteria akayasoma. Hamira ikayasoma. Maagizo yale yameandikwa kwa herufi nne, neno ni herufi tatu tatu, na karibu kila neno lina maana ya kipande kimoja cha kuunganisha. Neno lenye maana fulani ndani ya chembe ya bibi lina maana ileile ndani ya hamira, ndani ya mkonge, ndani ya bakteria wa choo. Vikorombwezo vichache vipo, kama lahaja, lakini lugha ni moja. Hakuna aliyekaa kuwafundisha. Wameirithi, kama wewe na jamaa wa Pemba ambao hamjawahi kuonana mnavyoita jiko jiko.

Bibi alinyamaza kidogo, akauliza nilichojua atauliza.

"Mimi na hamira tunakutania kwa nani?"

Nikamwambia hamira ni mlango wa uyoga. Jina la huyo mhenga hakuna anayelijua, ila ukipanda treni Kigoma jioni, yeye yuko Urambo.

"Urambo utafika saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Basi si mbali," akasema, akafunika bakuli kwa kanga, akanyoosha mkono nimpe dawa yake kutoka kwenye chungu.